Sekunde 7 au sekunde 180? Kupanga saa za diski kwenye RAID ya tabaka

Diski tuliyoitoa kwenye seva ya studio moja ya video hapa Mwanjelwa, Mbeya, ilikuwa nzima. Niliipima nyumbani usiku kucha, ikasomeka mwanzo hadi mwisho. Lakini tulikuwa tumeshaagiza nyingine Kariakoo, imepakiwa basi, imepita Mikumi, imepanda Kitonga, na mwenye studio ameshalipa. Wiki tatu baadaye ile mpya nayo ikatupwa nje ya safu, yaani kundi la diski zinazofanya kazi pamoja. Mama mwenye studio akanipigia: "Fundi, hizi diski mnaziokota wapi?"

Duka halikuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu. Niliunda RAID, yaani diski kadhaa zinazounganishwa zifanye kazi kama moja, ya tabaka mbili kwa diski nne za kompyuta ya mezani, nikaiacha na mipangilio iliyokuja nayo. Tangu hapo nimepanga seva kadhaa kati ya Mbeya, Tukuyu na Mafinga, na swali ninaloulizwa na mafundi wenzangu ni lile lile: diski ikishindwa kusoma, nifupishe muda wa diski kuhangaika, au nirefushe muda wa kerneli (kiini cha mfumo wa Linux) kuingoja? Nalinganisha hapa njia zote mbili, pamoja na jambo ambalo wengi hulisahau, yaani namna tabaka zilivyopangwa zinavyobadilisha ukubwa wa hasara.

Saa mbili zisizojuana

Diski inapokutana na sekta (kipande kidogo cha kuhifadhia data) iliyochoka, kuna saa mbili zinazohesabu.

Ya kwanza imo ndani ya diski. Diski ya mezani imetengenezwa ikiamini iko peke yake duniani: isipoisoma sekta hiyo, hakuna nakala nyingine. Kwa hiyo inang'ang'ana. Inarudia kusoma, inasogeza kichwa, inarudia tena, na inaweza kumaliza dakika mbili au zaidi kabla ya kukiri kuwa imeshindwa.

Ya pili ni ya kerneli ya Linux. Kwa diski za SATA na SAS, kawaida yake ni sekunde 30. Unaiona hivi:

```
cat /sys/block/sda/device/timeout
```

Sasa fikiria diski iko sekunde ya 30 ya kung'ang'ana kwake. Kerneli inachoka, inakata amri, inaweka upya mawasiliano na diski. Kwenye `dmesg`, orodha ya ujumbe wa kerneli, utaona `hard resetting link`. Diski haijibu kwa sababu bado imezama kwenye sekta yake. Hapo md, yaani sehemu ya kerneli inayoendesha RAID, inachukua data kutoka kwa pacha, diski yenye nakala ile ile, na kujaribu kuiandika pale iliposhindikana kusomwa. Uandishi nao unashindwa. Kosa la kusoma md hulivumilia, lakini la kuandika hailisamehi:

```
md/raid1:md0: Disk failure on sdb1, disabling device.
md/raid1:md0: Operation continuing on 1 devices.
```

Diski imefukuzwa kwa sababu ya sekta moja. Kama saa ya diski ingeisha kwanza, diski ingesema "hapa sijaweza", md ingesoma kwa pacha, ingeandika data sahihi juu ya sekta ile ile, na diski ingehamishia sekta hiyo kwenye akiba yake. Ungeona mstari mmoja tu, `read error corrected`, na studio ingeendelea kukata video ya harusi bila mtu kujua.

Kwa hiyo sharti ni moja: saa ya diski iishe kabla ya saa ya kerneli. Unaweza kulitimiza kutoka upande wowote kati ya hizo mbili.

Njia ya kwanza: kuifupisha saa ya diski

Uwezo huu unaitwa SCT ERC. Western Digital huuita TLER, Samsung na Hitachi waliuita CCTL, Seagate huuita ERC. Majina matatu, kazi moja: kuiambia diski ijaribu kwa muda fulani, kisha ikiri. Unauliza kama upo hivi:

```
smartctl -l scterc /dev/sda
```

Ukijibiwa `not supported`, njia hii imefungwa kwa diski hiyo. Ukijibiwa `Disabled`, una bahati: uwezo upo ila umezimwa. Unauwasha:

```
smartctl -l scterc,70,70 /dev/sda
```

Namba hizo ni sehemu za kumi za sekunde, kwa hiyo 70 ni sekunde 7: ya kwanza ya kusoma, ya pili ya kuandika. Nimemwona kijana mmoja akiandika `7,7` akidhani ni sekunde, na diski yake ikawa inapewa chini ya sekunde moja kuhangaika. Saa ya kerneli unaiacha kwenye 30, kwa sababu 7 iko mbali sana chini yake.

Diski zinazouzwa kwa ajili ya NAS (seva ndogo za kutunzia mafaili kwenye mtandao), kama WD Red Plus na Seagate IronWolf, huja na uwezo huu. Nyingi za mezani hazina. Bei inatofautiana, lakini kwa mtu wa huku kwetu hesabu ya kweli inapaswa kuingiza na nauli ya basi, siku mbili za kungoja mzigo, na siku hizo mbili data ikikaa kwenye nakala moja. Mtu wa Dar anatembea hadi dukani na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Sisi hatuna anasa hiyo, na ndiyo maana kufukuza diski nzima kunatuuma zaidi.

Njia ya pili: kuirefusha saa ya kerneli

Diski ikiwa haina ERC, unaiambia kerneli iwe na subira:

```
echo 180 > /sys/block/sdb/device/timeout
```

Sekunde 180 ndizo wanaotunza RAID ya Linux wanazopendekeza kwa diski hizi, maana huvuka muda ambao diski ya mezani hung'ang'ana. Haigharimu kitu, haihitaji diski mpya, na inafanya kazi. Diski ya studio isingefukuzwa kama ningeandika mstari huo mmoja siku ya kwanza.

Gharama yake ni kuganda. Wakati diski inahangaika, kila programu iliyoomba data pale inasimama. Kerneli yenyewe huanza kulalamika ikiona kazi imekwama kwa sekunde 120, kwa hiyo usishtuke ukikuta `blocked for more than 120 seconds` kwenye `dmesg`. Tena kila sekta mbovu ina ngojeo lake. Faili la video likiwa na sekta kumi mbovu, na kila moja ikachukua dakika mbili, hizo ni dakika 20 mhariri akitazama skrini iliyoganda. Diski yenye ERC ya sekunde 7 ingemaliza sekta hizo kumi kwa sekunde 70.

| | ERC sekunde 7, kerneli 30 | Bila ERC, kerneli 180 |
|---|---|---|
| Diski inayohitajika | Yenye SCT ERC | Yoyote |
| Sekta moja mbovu | Kigugumizi cha sekunde 7 | Hadi dakika kadhaa |
| Watumiaji | Hawatambui | Watapiga simu |
| Hatari ya kufukuzwa bure | Ndogo | Ndogo |
| Umeme ukikatika na kurudi | Weka tena | Weka tena |

Mstari wa nne ndio ninaotaka usiusahau. Kwa usalama wa data njia zote mbili zinafika. Tofauti yake iko kwa watu wanaoitumia seva. Seva ya kutunzia nakala za usiku, ambayo hakuna anayeigusa saa nane za usiku, inaweza kuishi na 180 miaka yote. Seva ambayo watu watano wanakata video juu yake wakati wa msimu wa send-off, hapana.

Kwenye tabaka, saa inawekwa wapi?

Hapa ndipo mafundi wengi wanapopotea. Ukiwa na `md0` na `md1` ambazo ni jozi pacha, na `md2` juu yake inayogawa data kati ya hizo mbili, ni rahisi kudhani kwamba kila tabaka lina subira yake ya kupangwa. Halina. Kifaa cha md hakina saa. Ukitafuta `/sys/block/md2/device/timeout` hutaikuta. Saa ziko kwenye `sda`, `sdb`, `sdc` na `sdd` tu, kule chini kabisa, na tabaka za juu zinangoja tu jibu lolote litakalopanda.

Kwa hiyo mpangilio wa saa ni ule ule hata ukiwa na tabaka tatu. Kinachobadilika ni nani anapokea kosa likipanda, na ni kiasi gani kinafukuzwa mambo yakienda vibaya.

Kwenye 1+0, yaani pacha chini na kugawa juu, kosa la `sdb` linaishia kwenye `md0`. Pacha wake `sda` anatoa data, sekta inaandikwa upya, na `md2` haijui chochote. Hata ukiwa umesahau saa na `sdb` ikafukuzwa, umepoteza diski moja. Kuijenga upya ni kunakili diski moja: TB 4 kwa kasi ya MB 150 kwa sekunde ni kama saa 7 na nusu. Ukiwa umewasha ramani ya sehemu zilizoandikwa, ile ya `--bitmap=internal`, unairudisha kwa `--re-add` na zinanakiliwa sehemu zilizobadilika tu, mara nyingi kwa dakika.

Kwenye 0+1, yaani kugawa chini na pacha juu, tabaka la chini halina nakala. Likipata kosa linalipitisha juu kama lilivyo. Kwa ERC ya sekunde 7 bado unaokoka: RAID 1 ya juu, yaani ile ya pacha, inasoma upande wa pili na kurekebisha. Ila ole wako saa zikiwa zimepishana. Uandishi ukishindwa, RAID 1 ya juu haioni `sdb`, inaona `md0` nzima, na inaifukuza nzima. Sekta moja imeondoa nusu ya safu. Kwa diski nne za TB 4, unajenga upya TB 8. Kikomo cha kawaida cha kasi ya ujenzi kwenye Linux ni KB 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo hata diski zikikimbia kwa nguvu zote ni saa 11 hivi, na kwa muda wote huo diski mbili zilizobaki zote mbili zinatakiwa zisikosee hata mara moja. Kwenye 1+0 unaiombea diski moja tu, pacha wa ile iliyotoka.

Sioni sababu ya mtu kuunda 0+1 kwa diski za mezani. Nimeikuta mara mbili, na mara zote mbili aliyeiunda alikuwa amegeuza mpangilio bila kujua.

Kuna na RAID 10 ya md yenyewe, `--level=10`, inayofanya yote kwa tabaka moja. Kwa upande wa saa haina tofauti na 1+0. Ni rahisi zaidi kuitunza, na kama diski zako zote ni za aina moja na zote zina ERC, ningekushauri hiyo bila kufikiri sana. Ila ina pengo moja linalohusu mada hii, nalo linakuja sasa hivi.

Diski mchanganyiko, hali halisi ya huku

Seva nyingi ninazozikuta hazina diski nne zinazofanana. Mbili zilinunuliwa mwanzo, moja ikaja baadaye, ya nne ilitolewa kwenye kompyuta ya mhasibu. Mbili zina ERC, mbili hazina. Saa zinapangwa kwa kila diski peke yake, kwa hiyo hilo si kikwazo: zenye ERC zinapata 70 na kerneli 30, zisizo nayo zinapata kerneli 180.

Swali ni nani akae na nani. Mimi huweka kila jozi iwe na diski moja yenye ERC na moja isiyo nayo, kisha ile isiyo nayo naiwekea alama ya `write-mostly`:

```
echo writemostly > /sys/block/md0/md/dev-sdb1/state
```

Kuanzia hapo md inaandika kwenye diski zote mbili, lakini kusoma inasoma kwa ile yenye ERC, isipokuwa ikilazimika. Ngojeo refu la dakika mbili linakuwa nadra sana mchana, kwa sababu diski yenye tabia hiyo haiombwi kusoma. Alama hii inakubaliwa na RAID 1 tu. RAID 10 ya tabaka moja haiijui. Ndiyo maana, kwa mtu mwenye diski za kuokoteza, bado natetea 1+0 ya tabaka mbili, ingawa inaonekana ya kizamani.

Mpango huu una bei yake: sekta mbovu za diski isiyosomwa hazitajulikana hadi ukaguzi. Kwenye Debian na Ubuntu, matoleo ya Linux, ukaguzi wa md, yaani kusoma diski zote na kulinganisha nakala, hufanyika Jumapili ya kwanza ya mwezi, usiku. Usiuzime. Na kumbuka kwamba kwenye 1+0 wanaokaguliwa ni `md0` na `md1`. `md2` ni RAID 0, haina nakala ya kulinganisha.

Isipotee umeme ukirudi

Mvua za kuanzia Novemba hadi Mei kwenye milima ya Rungwe na Mbeya zinakuja na radi, na umeme unakatika unavyotaka. Diski nyingi husahau ERC zikizimwa, na kerneli hurudi kwenye 30 kila inapowaka. Amri uliyoiandika kwa mkono Januari haipo tena Februari.

Wengine huweka amri hizo kwenye skripti inayokimbia seva inapowaka. Inatosha, hadi siku utakapochomeka diski mpya seva ikiwa inafanya kazi. Hiyo diski haitapitiwa na mtu, na inakwenda moja kwa moja kwenye ujenzi, kazi nzito kuliko zote, ikiwa na saa mbovu. Kanuni ya udev, sehemu ya Linux inayoshughulikia vifaa vinapochomekwa, inaikamata kila diski inapoonekana, iwe wakati wa kuwaka au saa sita mchana. Mimi nimehamia huko:

```
# /etc/udev/rules.d/60-saa-ya-diski.rules
ACTION=="add", SUBSYSTEM=="block", KERNEL=="sd[a-z]", RUN+="/usr/local/sbin/saa-ya-diski %k"
```

Na skripti yenyewe, usisahau kuipa ruhusa ya kukimbia:

```
#!/bin/sh
d="$1"
if /usr/sbin/smartctl -l scterc,70,70 "/dev/$d" | grep -q seconds; then
    echo 30 > "/sys/block/$d/device/timeout"
else
    echo 180 > "/sys/block/$d/device/timeout"
fi
```

Natafuta neno `seconds` kwenye jibu kwa makusudi. Diski inayokubali huandika `7.0 seconds`, isiyoweza haiandiki.

Wakati sekunde 7 zinageuka kuwa adui

ERC fupi ni nzuri kwa sababu kuna pacha wa kuuliza. Pacha akitoka, diski iliyobaki ndiyo pekee yenye data, na sasa unataka ing'ang'ane kwa nguvu zote. Kabla ya kuanza kujenga upya jozi iliyobaki na diski moja, mimi huifungua ile iliyobaki:

```
smartctl -l scterc,0,0 /dev/sda
echo 180 > /sys/block/sda/device/timeout
```

Sifuri ni kuzima kikomo. Ujenzi ukiisha, narudisha 70 na 30. Vivyo hivyo kwa RAID 0 tupu isiyo na pacha mahali popote: hapo ERC fupi inakunyima data ambayo diski ingeipata kwa jaribio la mia.

Mambo ambayo saa hazitayaponya

Diski za SMR, zile zinazopandisha mistari ya data kama vigae, zinaweza kuchelewa mno wakati wa ujenzi hata zikiwa nzima. Mwaka 2020 Western Digital ilikiri kwamba baadhi ya WD Red za TB 2 hadi 6 zilikuwa za namna hiyo, ndiyo maana leo kuna Red na Red Plus. Soma karatasi ya diski kabla ya kulipa.

Diski za USB nazo: kisanduku chake mara nyingi hakipitishi ERC. Usiziingize kwenye safu unayoitegemea.

Nimeulizwa pia kama mwinuko wetu unahusika. Hauhusiki. Jiji la Mbeya liko mita 1,700 hivi, na diski za kawaida zinaruhusiwa hadi karibu mita 3,000. Hata Kitulo, mita 2,600 hivi, bado umo ndani. Baridi ndiyo ya kuangalia kidogo: nyingi zinataka kuanzia nyuzi 0 au 5, na chumba kisicho na moto kule Makete asubuhi ya Julai kinaweza kuchungulia huko seva ikiwa imelala usiku kucha imezimwa.

Ningechagua nini

Kwa studio niliacha diski zile zile, maana bajeti ilikuwa imeshaliwa na ile diski ya bure. 1+0, kerneli 180 kwa zote, na makubaliano kwamba kila diski itakayokufa kweli itabadilishwa na yenye ERC. Kwa SACCOS moja ya Tukuyu niliyoianzisha upya tulinunua za NAS zote nne na kuweka RAID 10 ya tabaka moja, sekunde 7. Kwa shule moja ya Mafinga yenye diski za kuokoteza, ni mchanganyiko na `write-mostly`.

Ile diski niliyoipima nyumbani nikairudisha studio kama pacha wa `md1`. Jumapili ya kwanza ya mwezi uliofuata, ukaguzi ulikuta sekta mbovu juu yake. Diski ilinyamaza karibu dakika mbili, kisha `dmesg` ikaandika `read error corrected`. Bado iko kwenye safu.